Sindano za Binti Yangu Katika Nyumba ya Nyieka

Nilikuwa mke wa pili katika boma moja karibu na soko la Kosele. Mume wetu alifanya kazi katika kiwanda cha sukari kule Awendo, akija nyumbani mwisho wa mwezi, na miezi mingine hakuja kabisa. Mke wa kwanza alikuwa amenizidi umri sana. Alikuwa na wavulana waliokwisha kuwa watu wazima na kwenda kutafuta maisha, lakini hakujaliwa msichana. Mimi nilikuwa na msichana wa miaka tisa na mvulana aliyekuwa bado ananyonya.

Kwa Kijaluo mke mwenza anaitwa nyieka, na neno hilo limetoka tumbo moja na nyiego, yaani wivu. Tuliitana hivyo kila siku, "Nyieka, niazime ungo," "Nyieka, umeamkaje," bila kufikiria neno lenyewe. Miaka ya kwanza hatukuwa na ugomvi. Yeye alikuwa Msabato, mimi Mkatoliki. Yeye alipenda shamba, mimi nilipenda soko. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na jiko lake, na moshi wa huku haukuuliza habari za moshi wa kule.

Biashara yangu ilikuwa nafaka. Nilinunua mahindi na maharagwe upande wa Kehancha, kwa Wakuria, nikayapitishia Migori mjini ambako nilikuwa nimepanga chumba kidogo cha kuwekea magunia, kisha nikayaleta Kosele siku za soko. Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Msimu mmoja, kabla sijaondoka kwenda kununua, niliona binti yangu anakunywa maji kupita kiasi. Alikuwa anainamia chungu cha maji kama ndama aliyetoka malishoni. Alianza kukojoa kitandani, yeye mtoto mkubwa namna ile, na asubuhi alikuwa analificha blanketi nyuma ya nyumba kwa aibu. Shingo ikawa nyembamba. Nilidhani ni minyoo. Nikampa dawa ya minyoo, nikamwambia nyieka amtazame, nikambeba mdogo wake mgongoni nikaenda zangu Kehancha.

Mvua ikaharibu barabara. Lori lililobeba magunia likazama tope, tukakaa hapo tukingoja trekta. Niliporudi Kosele nilikuta milango yote miwili imefungwa na mbuzi wako kwa jirani. Jirani mwenyewe alikuja mbio akiwa na unga mikononi.

"Mtoto wako alizimia," aliniambia. "Alikuwa anatapika na kuhema kama mtu aliyekimbia. Nyieka wako amempeleka Homa Bay."

Sikuingia hata ndani. Nilifika Homa Bay nikiwa na matope ya Kehancha kwenye miguu. Nikiwa mlangoni pa wodi ya watoto nilimwona binti yangu kabla hajaniona, amelala na dripu mkononi, macho yamezama lakini yako wazi. Nyieka alikuwa ameketi juu ya kitanda, amemshika mguu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, lile la Jumamosi, na nilijua kutokana na mikunjo yake kwamba amelala nalo. Muuguzi alinizuia mlangoni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mama yake."

Aligeuka akamtazama nyieka, akanitazama tena. "Mama wa mtoto ni huyu," akasema. "Amekuwa hapa tangu mwanzo."

Nyieka alisimama haraka. "Hapana, sista, huyu ndiye alimzaa," akasema. Alisema kwa upole, na muuguzi akanipisha. Lakini kitu kilikuwa kimeshaniingia. Nilimkumbatia mwanangu na kumshukuru Mungu kwamba yuko hai, na papo hapo, katikati ya shukrani hiyo, nilikuwa nautazama ule mkono wa nyieka ambao haukuwa umeondoka mguuni pake.

Daktari alisema ni ugonjwa wa sukari, ule wa watoto, ambao mwili umeacha kabisa kutengeneza insulini. Alisema ataishi kama watoto wengine, ila atadungwa sindano kila asubuhi na kila jioni, maisha yake yote. Nilimwuliza kama ni kwa sababu ya miwa ambayo baba yake huleta kutoka Awendo. Alitikisa kichwa. "Si miwa, mama. Hakuna aliyefanya kitu."

Nilipofika, mafunzo yalikuwa yamekwisha. Yule muuguzi alikuwa amemfundisha nyieka kila kitu, akimfanyisha mazoezi kwa kudunga chungwa. Kulikuwa na chupa mbili, moja ya dawa angavu kama maji, nyingine ya dawa nyeupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Ile nyeupe inaviringishwa kati ya viganja taratibu, haitikiswi. Dawa angavu inavutwa kwanza, nyeupe inafuata. Asubuhi kipimo kikubwa, jioni kipimo kidogo. Leo paja la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa tumbo, halafu mkono, ili nyama isifanye uvimbe. Ukishadunga unangoja nusu saa, kisha mtoto lazima ale, apende asipende, kwa maana dawa ikiwa ndani na chakula hakuna, sukari inashuka na mtoto anaweza kuzimia tena. Kati ya asubuhi na mchana ale kitu kidogo. Kati ya mchana na jioni tena.

Nyieka aliyasema haya yote bila kukwama, na binti yangu akawa anaitikia kwa kichwa pale kitandani, kama wanafunzi wawili wa darasa moja. Muuguzi akaniambia nijaribu sindano ya jioni hiyo. Nilishika bomba la sindano. Mkono wangu, ambao ulikuwa unafunga gunia la mahindi kwa kamba ya katani bila kusaidiwa, ukatetemeka. Niliivuta dawa, hewa ikaingia, nikairudisha, nikavuta tena. Nilipoinama juu ya paja lake, mtoto akalivuta.

"Mama, mwachie mama mkubwa," alisema. "Yeye ndiye anajua."

Nikamwachia. Nyieka alidunga, na mtoto hata hakufumba macho.

Tuliporudi Kosele, ratiba ile ikatuhamisha sisi sote. Chupa za dawa zilihitaji ubaridi na hatukuwa na friji. Nyieka akachimba shimo kwenye kona ya nyumba yake, akaweka chungu kidogo ndani ya mchanga wenye maji, na chupa zikakaa humo zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Dawa ikawa kwake. Kwa kuwa dawa iko kwake, sindano ni kwake. Kwa kuwa baada ya sindano ni kungoja na kula, uji wa asubuhi ukawa kwake na ugali wa jioni ukawa kwake. Halafu, kwa sababu sindano ya asubuhi ilikuwa mapema kabla ya shule, mkeka wa mtoto nao ukaenda. Hakuna aliyepitisha azimio. Siku moja niliutafuta mkeka nikauona umeegemezwa kwenye ukuta wa nyieka, na blanketi lake juu.

Kila alfajiri nilikuwa nasikia mlango wake ukifunguliwa. Nilijua hatua zote bila kuziona. Sasa anapasha mkojo motoni katika kichupa cha kupimia pamoja na dawa ya buluu, wanatazama rangi. Sasa mtoto anasema "kijani," kwa furaha, au "matofali," kwa huzuni, kwa kuwa ikiwa nyekundu kama matofali basi sukari ni nyingi. Sasa anaviringisha chupa. Kisha kimya. Kisha ile nusu saa ya kungoja, na hiyo ndiyo iliyoniua. Katika nusu saa hiyo walikuwa wakizungumza. Nilisikia sauti mbili, sikusikia maneno. Mara kicheko. Nilikuwa nimeketi na mvulana wangu kwenye titi, uji wangu umeiva, najiuliza mtoto wa miaka tisa ana hadithi gani za kumwambia mtu kila siku ya Mungu asizonazo za kuniambia mimi.

Nilianza kupika vizuri zaidi. Nilileta samaki wabichi kutoka ziwani, nikakaanga hadi harufu ikavuka uwanja. Binti yangu alikuja, akachungulia sufuria, akasema, "Mama, inanukia," kisha akarudi kule kwa sababu saa yake ya kula ilikuwa haijafika, na ilipofika alikuwa kwenye kiti cha nyieka.

Kisha ikaja habari ya kanisa. Nyieka alishinda kanisani Jumamosi kutwa, na mtoto lazima ale kile kitu kidogo cha katikati ya siku, kwa hiyo akawa anakwenda naye, ndizi mbili ndani ya mkoba. Mimi niliyembatizisha mtoto huyu mikononi mwa padre nikamsikia anaimba nyimbo za Kisabato akiwa anaosha vyombo. Jumapili nilimwambia tuvae twende misa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Lakini mama, mimi nilienda kanisa jana."

Mwisho wa mwezi mume wetu akaja. Alimwinua mtoto juu, akasema amenenepa. Akaingia nyumba ya nyieka, akaonyeshwa chungu na mchanga na kichupa cha kupimia, akatoka akiwa ameguswa. Jioni alimletea nyieka saa ya mezani yenye kengele, mpya, ndani ya boksi, ili saa za sindano zisipotee. Mimi aliniambia, "Wewe una bahati. Umepata mwenzako wa kukusaidia, unaweza kuendelea na biashara yako."

Nilimjibu ndiyo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Nilijifunza sindano kwa siri huko Migori, kwenye chumba changu cha magunia. Niliomba bomba na sindano kwa mwenye duka la dawa, nikavuta maji, nikadunga papai bichi hadi likawa linavuja kila upande. Nilijidunga mwenyewe pajani kwa sindano tupu nijue inauma vipi. Inauma kidogo sana. Kilichokuwa kinanitetemesha kule hospitalini hakikuwa sindano.

Likizo ya Agosti ilipofika nilimwambia nyieka kwamba ninakwenda Migori na mtoto, na mdogo wake mgongoni. Alikuwa anachambua maharagwe. Mikono ikasimama.

"Utaweza ratiba?" akauliza.

"Nitaweza."

"Sukari ikishuka anakuwa mkaidi kwanza, kabla ya kutetemeka. Usidhani ni utundu."

"Nimesema nitaweza, nyieka."

Akanyanyuka akachimbua chungu chake, akanikabidhi chupa zikiwa na mchanga. Alinieleza tena mambo yote, na mimi nikamwacha aeleze huku nikifunga mizigo.

Na niliweza. Nasema hivi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Niliweka chungu changu chini ya meza, mchanga wangu, maji yangu. Asubuhi ya kwanza mtoto alikaza paja akinitazama usoni, na nilidunga kwa mkono uliotulia, na akasema, "Kumbe unajua." Nusu saa ile ya kungoja ikawa yangu. Nilikaa nikaisubiri kama mgeni wa heshima. Mtoto alikuwa anachora kwa kidole kwenye vumbi la gunia. Nilimwuliza habari za shule, akasema ni nzuri. Nilimwuliza habari za rafiki zake, akasema wako salama. Nikamwuliza huwa wanazungumza nini na mama mkubwa asubuhi.

"Vitu tu," akasema.

Mchana mmoja alikuwa anaruka kamba na watoto wa jirani. Nilimwita aje ale ndizi yake. Alinijibu kwa ufidhuli ambao sikuwahi kuusikia kinywani mwake, akaketi chini katikati ya uwanja, akaanza kucheka bila sababu. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kope. Nilijua sukari imeshuka. Nilikoroga sukari kwenye kikombe cha maji, nikamshika kidevu nikamnywesha kidogo kidogo, na nyingine nikampaka ndani ya mashavu kwa kidole. Wanawake wa pale walisimama wakitazama. Nilimshikilia kifuani, nikahesabu pumzi zake, nikahisi kutetemeka kunapungua, mwili unakuwa mzito, unarudi kuwa wake. Nilikuwa nimeyafanya yote sawasawa. Akafungua macho.

"Mama mkubwa," akasema.

Nilimfuta jasho. Nilimwambia, "Ni mimi," naye akasema, "Ndiyo, mama," akala ndizi yake. Wanawake wakanisifu. Niliwajibu vizuri, na chakula cha siku hiyo sikukionja.

Dawa ile nyeupe ilianza kukaribia chini. Duka la dawa la Migori halikuwa nayo, wakaniambia wanangoja mzigo. Nilikuwa nimepanga kwenda Homa Bay kesho yake kuichukua. Nilikuwa mlangoni napepeta mahindi nilipomwona nyieka anaingia uwanjani, gauni la kanisani, vumbi hadi magotini, chupa ya chai kwapani. Alifungua chupa ile ya chai. Ndani, katika kitambaa kibichi, mlikuwa na chupa mpya ya insulini.

"Nilijua itakuwa inaisha," akasema.

Sijui kama mtu anaweza kuelewa jinsi maneno hayo yalivyonichoma. Hata kilichobaki katika chupa yangu alikuwa anakijua akiwa kwake Kosele. Nilimpa kigoda na maji ya kunywa. Mtoto alikuwa ameenda kuchota maji bombani.

"Umekuja kumchukua?" nikauliza.

"Nimekuja kuleta dawa."

"Asante. Umeshaileta."

Alikunywa maji, akaweka kikombe chini. "Nyieka, nyumba yangu imekuwa kimya. Ile kengele inalia asubuhi, naamka, halafu sijui nimeamkia nini."

"Yangu ilikuwa kimya tangu tulipotoka hospitali," nilimwambia. "Uliwahi kuniuliza?"

Mtu mwingine angetafuta uongo, na ningemwamini. "Sikukuuliza," akasema. "Niliona. Lakini nilikuwa na furaha, nikaogopa nikikuuliza itaisha."

Nilitaka kumtukana na sikupata tusi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wodini kumwona mtu mwingine akiwa na kile nilichokuwa nacho tumboni, na alikuwa nacho kwa ajili ya mtoto yule yule.

Binti yangu akaingia na ndoo kichwani. Alipomwona aliitua ndoo vibaya, maji yakamwagika, akamrukia. Mimi niliinama kufuta maji. Saa ya sindano ya jioni ilipofika tulisimama wote wawili kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimeshika chungu, yeye amenyoosha mkono kwenye bomba. Tukasimama hivyo. Mtoto alitutazama, mmoja halafu mwingine, kama mtu aliyechoka na jambo ambalo watu wazima wanadhani yeye halijui.

"Nipeni," akasema. "Sista wa kliniki alisema naweza kuanza mwenyewe."

"Bado wewe mdogo," nikasema.

"Ngoja ufikishe kumi," nyieka akasema.

"Nipeni."

Aliketi juu ya gunia la maharagwe. Akaiviringisha chupa nyeupe kati ya viganja vyake, taratibu. Akavuta angavu, akavuta nyeupe. Tukaona kitone cha hewa na tukapaza sauti pamoja, "Hewa!"

"Nimeona," akajibu bila kuinua macho. Akakigonga kwa ukucha, kikapanda, akakitoa. Akabana ngozi ya paja la kushoto. Alisita hapo, midomo imekaza, na mimi na nyieka tulikuwa tumesogeleana bila kujua hata mabega yetu yakagusana. Kisha akadunga. Akahesabu moyoni, akachomoa, akafunika sindano.

"Haya," akasema. "Sasa ni kungoja."

Akatoka nje kungojea huko pamoja na wenzake. Tulibaki chumbani, wanawake wawili na magunia, hakuna aliyekuwa na kazi ya kufanya. Nilipika ugali kwa kuwa chumba kilikuwa changu. Nyieka alikata mboga bila kuombwa. Tulimsikia binti yetu huko nje akisimulia jambo refu, na wenzake wakicheka, na kwa mara nyingine tena sikusikia maneno. Nilimtazama nyieka. Naye alikuwa ametega sikio.

Tuliporudi Kosele mtoto mwenyewe ndiye aliyepanga. Asubuhi atakula kwa mama mkubwa, jioni atakula kwangu, na chupa zitakaa palepale kwenye mchanga kwa sababu shimo lilikuwa tayari. Sindano alijidunga mwenyewe. Mkeka wake aliupeleka kwa bibi yake, mama wa mume wetu, katika boma la shemeji yetu, walikolala wasichana wa ukoo. Wengine waliuona mgawo huo kuwa wa haki. Mimi nilijua kwamba asubuhi ndiyo saa anayopenda kuzungumza, na jioni huwa amechoka, anakula akisinzia. Nilipokea jioni zangu. Taratibu, baada ya muda mrefu, zikaanza kuwa na maneno mawili matatu, kisha zaidi.

Alikua. Alimaliza shule, akapata kazi Homa Bay mjini, akaolewa, akazaa salama ingawa wengi walitutisha kwamba hataweza. Sindano zake bado anajidunga, siku hizi kwa kifaa kinachofanana na kalamu. Nyieka amezeeka, macho yake hayaoni vizuri, na mimi ndiye ninayemchotea maji na kumsomea majina ya dawa zake. Tunakaa pamoja jua linapopungua, na mara nyingi hatuna la kusema ila habari za binti huyo.

Anapokuja kututembelea anaingia kwanza nyumba ya mke mkubwa. Ndiyo desturi ya boma, na mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya hivyo. Mimi husimama jikoni kwangu. Nawasikia wanavyosalimiana, nasikia kiti kikivutwa, nasikia wameanza. Chai yangu huwa imeshachemka. Naiepua, nangoja, naona inapoa, nairudisha tena motoni.